Sekondari inayofunza masomo ya chuo: je, inamfikisha mtoto kwenye uhandisi, na sisi wa Lamu tufanyeje?

Mzazi wa Langoni, Lamu

Assalamu alaikum, waungwana. Nina kijana aliye Gredi ya 9 hapa Lamu, ambaye mwishoni mwa mwaka atafanya mtihani wa KJSEA, ule wa kumaliza sekondari ya chini, na baadaye kupangiwa sekondari pevu. Tangu alipokuwa mdogo mikono yake haitulii mbele ya kitu chenye skrubu: amekwisha kufungua redio ya bibi yake, pampu ya kisima na mashine ya boti ya ami yake, na kwa bahati njema viwili kati ya hivyo vilifungika tena vikafanya kazi. Siku hizi anasema waziwazi kwamba anataka kuwa mhandisi. Mimi na baba yake hatuna kipingamizi, lakini katika ukoo wetu tuna manahodha, mafundi wa nakshi za milango na maalim wa madrasa, wala hatuna mhandisi hata mmoja wa kutuonyesha njia.

Ami yake mwingine anaishi Raleigh, katika jimbo la North Carolina huko Marekani. Binti yake anasoma sekondari ya serikali iliyofungamana na chuo kikuu, ambapo wanafunzi wa umri wa miaka kumi na sita huingia madarasa ya chuo pamoja na wakubwa wao, tena bila kulipa ada. Ami anasema kwamba binti akimaliza atatoka na cheti cha sekondari pamoja na takriban miaka miwili ya masomo ya chuo mkononi, na kwamba shule yenyewe imeelekezwa kwenye uhandisi. Sasa anatuhimiza tumpeleke kijana akakae naye ili apate nafasi kama hiyo.

Naomba wenye ujuzi wanisaidie. Shule za namna hiyo ni nini hasa, na je, ni kweli kwamba mtoto anayekusudia uhandisi huokoa miaka miwili mizima? Je, kijana wetu mwenye pasipoti ya Kenya anaweza kupokewa huko kwa sababu tu ami yake ni mkaazi wa mji ule? Na kama mlango huo haufunguki, basi hapa kwetu, ambapo bandari imejengwa ng'ambo upande wa Kililana na tunaambiwa kila siku kwamba wahandisi watahitajika, ni lipi tunaloweza kumfanyia lenye maana kama hiyo? Nitashukuru kupata majibu ya watu walioyapitia haya, si ya kututia moyo tu, kwa sababu moyo tunao.

Mhandisi wa Maji, Malindi

Waalaikum salaam, dada. Nilisomea uhandisi wa ujenzi katika chuo kikuu kimoja cha Marekani kabla ya kurudi nyumbani, na katika madarasa ya mwaka wa kwanza na wa pili niliketi na vijana kadhaa waliotoka katika shule hizo unazozitaja. Nitakueleza niliyoyaona pamoja na yale ambayo huko yanajulikana na kila anayefuatilia elimu.

Wazo lenyewe si la jana. Mwaka 1974 chuo cha jamii cha LaGuardia, mjini New York, kilifungua sekondari ndani ya uwanja wake kwa ajili ya vijana ambao ilihofiwa kwamba wangeacha masomo, kwa matumaini kwamba kuwaweka karibu na wanachuo kungewafanya wajione kuwa wanachuo. Mwaka 2001 chuo cha Bard kikafungua sekondari ya aina hiyo katika mji huo huo, na mwaka uliofuata ukaanzishwa mpango wa nchi nzima uliofadhiliwa kwa sehemu kubwa na wakfu wa Bill na Melinda Gates, ukaeneza shule hizi katika majimbo mengi. Walengwa wakuu hawakuwa watoto wa matajiri, bali watoto wa familia ambazo hakuna aliyewahi kusoma chuo, na nadhani hapo ndipo ami wa kijana anapoiona thamani yake, kwa sababu familia ya aina hiyo inafanana na yako na yangu.

Utaratibu wake ni huu. Mwanafunzi huanza na masomo ya sekondari ya kawaida huku akiongezewa somo moja au mawili ya chuo, na kadiri anavyopanda madarasa masomo ya chuo huzidi na ya sekondari hupungua. Kila somo la chuo analofaulu humpa krediti, yaani vipimo ambavyo chuo huvihesabu hadi mtu atimize shahada. Krediti takriban 60 humpa shahada ndogo ya miaka miwili. Shahada kamili huhitaji takriban 120, na ya uhandisi mara nyingi huzidi hapo. Baadhi ya shule hizi huchukua miaka minne, nyingine mitano, na zile za mfumo wa P-TECH, ulioanza Brooklyn mwaka 2011 kwa ushirikiano wa idara ya elimu ya New York, chuo kikuu cha mji huo na kampuni ya IBM, humruhusu mwanafunzi kukaa hadi miaka sita. Hiyo ndiyo shule aliyoitembelea Rais Obama mwaka 2013 akaisifu mbele ya kamera.

Kwamba shule hizi zinafanya kazi, sina shaka. Taasisi ya American Institutes for Research ilichapisha mwaka 2013 utafiti uliowafuatilia vijana walioomba nafasi kwa njia ya kura, ukawalinganisha waliobahatika na waliokosa katika kura ile ile, jambo ambalo linaondoa hoja ya kusema kwamba waliofaulu walikuwa werevu tangu mwanzo. Katika muda wa utafiti, asilimia 22 ya waliopata nafasi walikuwa wamekwisha kupata shahada ya chuo ya aina fulani, ilhali kwa wenzao ilikuwa asilimia 2.

Hata hivyo, dada yangu, uhandisi una mambo yake, na hapa ndipo nakuomba usome taratibu. Ile miaka miwili inayookolewa huokolewa kwa urahisi na mtu anayekwenda kusomea biashara, ualimu au sayansi ya jamii, kwa sababu krediti za historia, uandishi, saikolojia na sanaa zinaingia moja kwa moja katika shahada yake. Shahada ya uhandisi imefungwa kwa mnyororo. Huwezi kusoma fizikia ya mwaka wa kwanza bila kuwa umeanza kalkulasi, yaani hisabati ya kasi ya mabadiliko. Huwezi kusoma mekanika ya vitu vilivyotulia bila ile fizikia. Huwezi kusoma uimara wa nyenzo bila ile mekanika. Na huwezi kukaa kubuni boriti ya zege au mhimili wa daraja bila uimara wa nyenzo. Kalkulasi yenyewe ina mihula mitatu, na nyuma yake kuna muhula mwingine wa milinganyo ya mabadiliko. Kila pingili huchukua muhula wake, na muhula hauwezi kukunjwa.

Kwa hiyo nilikuwa na mwenzangu darasani aliyeingia chuo akiwa na krediti zote 60, mtu hodari kweli, lakini hisabati yake ilikuwa imeishia kwenye aljebra ya chuo. Alihitaji miaka minne kamili kama mimi niliyetoka Pwani ya Kenya bila krediti hata moja, isipokuwa yeye alikuwa na mihula myepesi zaidi na deni dogo zaidi, na hilo nalo si haba. Mwingine alifika akiwa amekwisha kupita kalkulasi ya tatu na fizikia mbili. Huyo alituacha mapema, kwa sababu kila alilokuwa amelisoma lilikuwa katika mnyororo.

Mwambie ami wa kijana aulize shuleni kwa binti yake jambo moja kabla ya yote: mwanafunzi wa wastani anayetaka uhandisi huondoka akiwa amefika kalkulasi ya ngapi? Kisha aulize kama chuo kikuu anachokitaka binti kinazikubali krediti hizo katika shahada ya uhandisi yenyewe, au kinazipokea kama krediti za ziada tu zisizopunguza chochote, kwa sababu kila chuo kikuu kina uamuzi wake. Jambo la tatu watu hulisahau: alama za masomo ya chuo aliyoyafanya mtoto akiwa na miaka kumi na tano hubaki katika rekodi yake ya chuo, na mtoto aliyesukumwa mapema akaanguka kwenye kalkulasi huanza safari yake na doa ambalo mwenzake aliyesubiri hana.

Aliyerudi Shela

Mhandisi ameeleza vizuri upande wa masomo. Mimi nitagusa upande wa viza, kwa sababu niliishi huko na nimeona familia zikiingia gharama kwa ushauri wa ndugu wenye nia njema.

Sheria ya Marekani ya uhamiaji ya mwaka 1996 inasema kwamba mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya masomo ya F-1 anaweza kusoma sekondari ya serikali kwa muda usiozidi miezi kumi na miwili kwa jumla, tena lazima ailipe wilaya ya shule gharama kamili ya masomo yake kabla ya viza kutolewa. Kuwa na ami mkaazi, hata akiwa raia na hata akiandikishwa kuwa mlezi, hakuondoi sharti hilo. Na kumpeleka mtoto kwa viza ya matembezi kisha kumwandikisha shule ni kuvunja sheria, na kosa hilo linaweza kumfuata siku atakapoomba viza ya chuo kikuu, wakati ambapo ataihitaji kwa haki.

Miezi kumi na miwili haitoshi kwa shule iliyopangwa kwa miaka minne au mitano. Shule za binafsi hazina ukomo huo, lakini ada zake si za kuzungumzwa na watu wa kawaida. Kwa hiyo nafasi ya binti wa ami ni yake kwa sababu anaishi kule kihalali, na kwa kijana wako mlango wa Marekani, kama upo, uko kwenye chuo kikuu baada ya sekondari.

Mwalimu wa Fizikia, Malindi

Nawashukuru waliotangulia, na ninamshukuru hasa mhandisi kwa kulitaja suala la hisabati kabla ya jengo, maabara na jina la shule. Mimi nitajibu swali la mwisho la mama, la nini kifanyike hapa.

Kwetu hakuna utaratibu wa kitaifa wa kumruhusu mwanafunzi wa sekondari akusanye krediti za chuo kikuu. Kilichopo ni Mtaala wa Umilisi, ambao unamtaka mtoto achague mkondo anapoingia Gredi ya 10: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, ambao sote tunauita STEM, au sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Kundi la kwanza liliingia Gredi ya 10 Januari 2026. Uchaguzi huo unafanywa na mtoto wa miaka kumi na minne au kumi na mitano, na mara nyingi unafanywa na jirani yake au na uvumi, ilhali ndio unaoamua kama mlango wa uhandisi utabaki wazi.

Mama, yashike haya. Hisabati ni ya lazima kwa wote, lakini iko ya aina mbili: ile ya kina kwa walio katika STEM, na nyingine nyepesi ya matumizi ya kila siku kwa mikondo mingine miwili. Anayetaka uhandisi hana hiari katika hilo. Juu ya masomo ya lazima, mwanafunzi huchagua matatu, na ndani ya STEM kuna sayansi kamili, sayansi tumizi na masomo ya ufundi kama vile umeme, ujenzi, uchomeleaji na kazi za chuma, mitambo ya nguvu, mbao, usafiri wa anga, na teknolojia ya bahari na uvuvi. Kijana anayependa kufungua mashine atavutwa na ufundi, na ni haki yake, lakini ushauri wangu ni kwamba fizikia na kemia ziwe mbili kati ya hizo tatu na ufundi uwe wa tatu. Kwa miaka mingi vyuo vikuu vyetu vimekuwa vikidai hisabati, fizikia na kemia kwa anayeomba uhandisi, na sioni ni kwa vipi mtu atabuni kitu bila hizo. Jueni pia kwamba si kila shule inatoa kila mchanganyiko wa masomo. Shule inaweza kuandikwa STEM na isiwe na umeme wala mitambo.

Alama za kupangiwa shule haziletwi na mtihani mmoja peke yake: KJSEA inachangia asilimia 60, ule wa Gredi ya 6 asilimia 20, na tathmini za shuleni asilimia 20. Kijana asidharau kazi za mradi.

Sasa niseme juu ya kalkulasi, kwa sababu nimeona waungwana wengi wakilisikia neno hilo kama la watu wa mbali. Nilipokuwa nikifundisha Lamu, siku moja ya bamvua niliwateremsha wanafunzi gatini na mti mrefu tuliouchora alama za sentimita, tukaufunga kwenye nguzo maji yalipokuwa yamekupwa kabisa. Mabaharia wana kanuni yao ya makadirio: maji yakiwa yatapanda mita tatu kwa saa sita, saa ya kwanza hupanda sentimita 25, ya pili 50, ya tatu 75, ya nne 75, ya tano 50 na ya sita 25. Tulikaa tukiandika kila nusu saa, na namba zetu hazikuwa safi kama kanuni, kwa sababu boti zilikuwa zikipita na kutikisa maji, lakini umbo lilikuwa lile lile. Tuliporudi darasani nikawaambia wachore grafu, kisha nikawauliza ni saa ngapi maji yalikuwa yakienda kasi zaidi, na wakaonyesha pale mstari unaposimama wima zaidi. Mtoto aliyeelewa hapo ameelewa nusu ya kalkulasi ya kwanza, maana kasi ya badiliko ndiyo habari yenyewe, na iliyobaki ni kujifunza kuiandika.

Hapa Malindi tunayo Ngomeni. Waitaliano walirusha roketi kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini pale kuanzia mwaka 1967 hadi 1988, na tarehe 12 Desemba 1970 iliruka setilaiti iliyopewa jina la Uhuru, ya kwanza duniani iliyotengwa kwa kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani. Wanafunzi wangu wengi wamepita Ngomeni wakienda kwa jamaa zao na hawajawahi kujiuliza kwa nini watu watoke Roma waje kwetu. Jibu liko katika kugawanya mzunguko wa dunia kwenye ikweta, kilomita 40,075, kwa saa 24: ardhi ya hapa inakwenda mashariki kwa karibu kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inaondoka ikiwa imekwisha kupewa kasi hiyo bure, juu ya bahari ambapo ikianguka haimwangukii mtu. Hesabu hiyo haihitaji maabara. Inahitaji chaki na mwalimu asiyekimbilia kumaliza silabasi.

Ninayasema haya kwa sababu kilicho muhimu katika zile shule za Marekani, kwa maoni yangu, ni kwamba mtoto anaonana mapema na kazi yenyewe na watu wanaoifanya. Shule ya Raleigh inapokea wanafunzi kwenye chuo kikuu cha jimbo. Sisi tuna Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, ambacho kina tawi Lamu, na ambacho asili yake ni chuo cha MIOME kilichoanzishwa ili kuwapa ufundi na uhandisi vijana Waislamu wa Afrika Mashariki. Wazee wetu walikwenda huko wakiwa vijana wadogo na wakarudi mafundi wa meli na umeme. Mwalimu mkuu akiandika barua kuomba kuwapeleka wanafunzi wa Gredi ya 10 kwenye karakana za chuo kwa siku moja, sidhani kwamba atafukuzwa.

Fundi Mitambo, Mokowe

Mimi sina shahada. Nina stashahada ya uhandisi wa mitambo, na mkate wangu unatoka humo. Nakubaliana na mhandisi na mwalimu kwa mengi, ila naona wanamsukuma mtoto kwenye mlango mmoja tu. Ile P-TECH iliyotajwa hapo juu haikuanzishwa ili kila mtoto awe mhandisi mwenye shahada. Ilianzishwa ili kijana atoke na shahada ndogo ya miaka miwili aweze kuajiriwa kazi ya kiufundi inayolipa, na atakaye kuendelea aendelee. Kwetu kitu kinachokaribiana na hicho ni chuo cha ufundi.

Kwa mfumo wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari wa mtaala wa zamani, mtu mwenye C- aliweza kuingia stashahada, wakati shahada ilidai C+ na zaidi. Vijana wengi wa Lamu waliopata C waliambiwa nyumbani kwamba wameanguka, wakaenda kuendesha bodaboda, ilhali walikuwa na sifa za kuwa mafundi sanifu. Nchi ina bodi ya kuwasajili mafundi sanifu na wanateknolojia wa uhandisi, KETRB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, kama vile wahandisi walivyo na bodi yao, EBK, kwa sheria ya mwaka 2011. Mwenye shahada naye hawi mhandisi kamili siku anayovaa joho: husajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu, na hutakiwa kufanya kazi miaka isiyopungua mitatu kabla ya kuomba usajili wa mhandisi mtaalamu. Wakati huo wote anayemwonyesha jinsi pampu inavyofunguliwa ni mtu kama mimi.

Bandari ilipokea meli ya kwanza Mei 2021. Mashine zinazohitaji matunzo ni nyingi kuliko michoro inayohitaji kubuniwa, na mimi napenda kuona vijana wa Amu ndio wenye spana. Isitoshe, ufundi si kazi ya kutumia mikono bila kichwa. Waliojenga Flipflopi hapa Lamu, jahazi la plastiki iliyookotwa ufukweni na mitaani, lililozinduliwa mwaka 2018, walikuwa mafundi waliozoea mkuku na mataruma ya mbao, na ikawabidi wajifunze upya tabia ya kitu kinachopinda pale ambapo mbao haipindi na kulegea juani pale ambapo mbao hailegei. Hilo ni somo la uimara wa nyenzo ambalo mhandisi wetu amelitaja, wamelipasi kwa tezo na keekee.

Mama, kama kijana ana hisabati ya kweli, afuate ushauri wa mwalimu. Kama hisabati yake ni ya wastani na mikono yake ni mizuri, msimvunje kwa miaka mitatu mkimlazimisha njia moja. Stashahada kisha shahada ni mwendo mrefu zaidi, lakini ana mshahara njiani.

Mhandisi wa Maji, Malindi

Fundi, sikupingi, na hata huku kazini kwetu bomba linapopasuka usiku kati ya Baricho, yanakotoka maji yetu, na mji, anayeitwa kwanza si mimi. Nitaongeza tu kwamba anayechukua stashahada akiwa na nia ya shahada baadaye atakutana na ule ule mnyororo wa hisabati, na atakutana nao akiwa na umri mkubwa zaidi, pengine na mke na watoto. Kwa hiyo katika njia zote mbili nashauri hisabati isiachwe ikapoa. Kijana aliye chuo cha ufundi afanye mazoezi ya kalkulasi kila wiki hata kama mtihani wake haumdai.

Mzazi wa Langoni, Lamu

Mungu awalipe kheri nyote. Nimemsomea baba yake majibu haya, na suala la Marekani tumelifunga kwa sasa. Ami yake nimemweleza habari ya ile miezi kumi na miwili, na amesema hakuwa akiijua, kwa sababu yeye mwenyewe aliingia kwa njia ya kazi. Lile swali la kalkulasi ya ngapi ameahidi kuliuliza shuleni kwa binti yake, na naona limemshtua kidogo.

Kijana ameyapokea ya fizikia na kemia, ila anang'ang'ania umeme uwe somo la tatu. Hisabati yake ni nzuri, si ya kutisha. Swali langu la mwisho ni hili: tunapochagua shule, tutajuaje kwamba shule iliyoandikwa STEM ni STEM ya kweli, ikiwa shule nyingi ziko mbali na hatuwezi kuzizuru zote?

Mwalimu wa Fizikia, Malindi

Mama, huna haja ya kuzizuru. Piga simu ofisi ya shule na uulize mambo machache kwa sauti ya mzazi anayejua anachokitaka. Uliza kama mchanganyiko wa fizikia, kemia na umeme unafundishwa kwa sasa, kwa maana kwamba wapo wanafunzi darasani leo wanaousoma, na usiridhike na kuambiwa kwamba shule imeidhinishwa kuutoa. Uliza walimu wa fizikia ni wangapi na wameajiriwa na TSC, tume ya walimu ya serikali, au ni wa muda. Uliza wanafunzi wa Gredi ya 10 waliingia maabara lini mara ya mwisho, na walifanya jaribio gani. Shule yenye maabara inayotumika hujibu bila kwenda kuuliza. Na kwa kuwa umeme ni somo la vitendo, uliza kama karakana ina vifaa vya kutosha wanafunzi kushika wenyewe au mwalimu huonyesha mmoja na wengine wakatazama.

Shule ya kutwa iliyo karibu yenye mwalimu wa fizikia aliyetulia naiweka juu ya shule ya bweni yenye jina kubwa na nafasi ya mwalimu iliyo wazi. Wakikujibu kwamba mwalimu anatarajiwa muhula ujao, ishushe shule hiyo chini ya orodha yako, na uchague shule kabla ya mtihani kwa utaratibu huo.